Hotipoti ya Mzee Maduhu

Sikusoma lishe ili nije kupakua maharage. Nilimwambia hivyo Bwana Eustace, afisa lishe wa hospitali, asubuhi ile aliponipanga kantini kwa wiki mbili, naye akanijibu bila kuinua macho kwamba lishe inaanzia kwenye sufuria. Haya. Nikavaa kofia ya nailoni, nikafunga aproni juu ya koti langu jeupe, nikaenda kusimama nyuma ya meza ya kupakulia nimenuna.

Mimi ni Elieth, mtu wa Chato. Nilikuwa nimekuja kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja ya huku Msalala, njia ya kwenda Bugarama. Kwetu tunaongea Kizinza. Pale jikoni ni Kisukuma tangu moto unawashwa mpaka mlango unafungwa. Wapishi wakicheka na mimi nacheka, sijui hata tunamcheka nani, labda mimi. Saa ya kula walikaa nyuma ya jiko kuzunguka sinia moja, na siku ya kwanza walinikaribisha, sisemi uongo. Nikajibu ahsante, nimeshiba, kwa aibu tu ya ugeni. Kesho yake walinikaribisha kwa mdomo huku wameshaanza kula. Basi nikawa najipakulia kwenye sahani ya bluu, nakula peke yangu kwenye meza ya pembeni, naangalia simu isiyoita. Mama yangu alishafariki. Baba ana mke mwingine na watoto wadogo, ana mambo yake. Hakuna wa kupiga kuniuliza kama nimekula.

Hizo sahani za bluu zilikuwa na kazi yao. Huku mgonjwa hula chakula cha kwao. Saa ya chakula ndugu wanaingia wodini na hotipoti zimefungwa kwenye vitenge, na jagi la maji, na beseni. Asiye na mtu wa kumletea ndiye anayepelekewa chakula cha kantini, kwenye sahani ya plastiki ya bluu. Wakati ule, kwenye wodi ya wanaume waliolazwa kwa majeraha, alikuwa mmoja tu: Mzee Maduhu.

Alikuwa mchimbaji mdogo kutoka Mwakitolyo. Jiwe lilimwangukia akiwa ndani ya duara, yale mashimo yao marefu ya kuchimbia dhahabu, likamsaga mguu. Wenzake walimleta kwa pikipiki, wakamwachia shati moja, wakarudi shimoni. Kwao ni mbali, Meatu ndani ndani huko, na miaka mingi hajakanyaga. Kidonda chake kilikataa kupona. Daktari alisema wazi mbele yake na mbele yangu: mwili hauna cha kujengea nyama, asipokula mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, mguu tunaukata.

Na mzee hakuwa anakula. Sahani ilikuwa inakwenda imejaa, inarudi imejaa, ugali umekauka juu kama udongo wa kiangazi.

Mimi nikaona hapo ndipo pangu. Nikabadilisha maharage nikaweka dagaa. Imerudi. Nikaweka mayai mawili ya kuchemsha, nikayamenya mwenyewe. Yamerudi, moja lina alama ya kidole tu. Nikapika uji wa lishe wenye karanga na maziwa, uji ambao chuoni nilipata nao alama nzuri. Ukarudi na utando juu.

"Huyo mtu anataka nini?" nilimuuliza Mama Wilbard, mpishi mkuu, nikiwa nimekasirika kweli.

"Muulize yeye," akasema. "Mimi nimeumba watu?"

Siku hiyo nikaweka mayai tena, nikaipeleka sahani mwenyewe, ingawa si kazi ya kantini kuingia wodini. Nilifika watu wote wakiwa wanakula. Kitanda cha jirani alikuwepo Mama Nyamizi, mama mnene mwenye sauti, anamuuguza mumewe. Alikuwa amepiga magoti anamnawisha mikono, maji yanatiririka kwenye beseni, kisha akafungua hotipoti na mvuke wa matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, ukajaa wodini. Akasema karibuni, na vitanda vyote vikajibu ahsante, nao wakafungua za kwao, nao wakakaribisha. Hivyo hivyo kila kitanda. Mimi nikaweka sahani ya bluu juu ya kabati la Mzee Maduhu. Ikatoa sauti ya plastiki.

Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuja siku hiyo hiyo, akauliza kwa Kiswahili, "Na huyu baba, nani anamletea?"

"Hana mtu," mwingine akajibu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeonyesha choo kilipo.

Mzee Maduhu akajifunika shuka mpaka kichwani.

Nilisimama pale na mayai yangu, nikajiona mjinga. Siku zote hizo nilikuwa nahangaika na protini. Mtu hajanawishwa mikono. Mtu hana hata chakula cha kusema karibuni, maana nani atakaribishwa kwenye sahani ya hospitali? Kula kwenye ile sahani ilikuwa ni kukubali mbele ya wodi nzima kwamba huna mtu duniani. Yeye akaona bora mguu uende.

Nilirudi jikoni nikamwomba Mama Wilbard hotipoti yake, ile ya maua mekundu anayokwenda nayo misibani.

"Ukimdekeza mmoja, kesho wodi nzima watataka hotipoti," akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kuifuta.

Kesho yake mchana nilivua koti na kofia, nikajifunga kitenge, nikabeba hotipoti, jagi na beseni. Nikaenda moja kwa moja mpaka kitandani, nikapiga magoti.

"Shikamoo baba. Nimechelewa, nisamehe."

Akanitazama muda mrefu. Alinijua, kwa nini asinijue, si ndiye mimi wa mayai. Nikadhani atanifukuza. Kisha akanyoosha mikono juu ya beseni.

"Marahaba. Njia ilikuwa mbaya?"

"Mbaya, baba."

Nikamwagia maji. Akanawa taratibu, kidole kimoja kimoja, udongo wa Mwakitolyo ukatoka. Nikafungua hotipoti, akainua kichwa, akasema "Karibuni," na wodi nzima ikamjibu ahsante. Akala. Ugali na dagaa na mlenda, akala mpaka akakwangua.

"Ni nani huyu?" Mama Nyamizi akauliza.

"Binti yangu," akasema. "Alikuwa shule."

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jengo nikalia, sijui kwa nini. Muda mrefu sana hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo.

Tangu hapo nilikwenda mchana na jioni. Hatukuwa na maneno mengi. Alikuwa ananiuliza kama nimelala salama, namjibu. Siku moja alisema chumvi imezidi, kwa ukali wa baba kabisa, nami nikafurahi siku nzima kama punguani. Ijumaa daktari alifungua kidonda, akakiinamia, akasema nyama nyekundu imeanza kuota pembeni. Hatukati. Lakini aendelee kula hivi hivi. Akiacha tena, tunarudi pale pale.

Ndipo nikakumbuka kwamba wiki zangu mbili za kantini zimekwisha. Jumatatu nilikuwa napelekwa kliniki za vijijini na gari la chanjo, kupima watoto, asubuhi mpaka jioni. Nilimwomba Bwana Eustace aniache kantini. Akaniambia nimekuja kujifunza, sikuja kutafuta baba.

Nilikwenda wodini na hotipoti ya mwisho. Sikujua nianzeje. Mzee alipomaliza kula, nadhani alishanisoma usoni, mwenyewe akawageukia majirani.

"Binti yangu anarudi shule," akasema. "Ndiyo hivyo, watoto wa siku hizi."

Alisema kwa furaha ya kujilazimisha, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa beseni kana kwamba nitaondoka nalo.

Huku anayeondoka humkabidhi mgonjwa wake kwa jirani wa kitanda, na jirani hawezi kukataa. Hilo nilikuwa nimeshaliona. Nikapiga magoti mbele ya Mama Nyamizi, nikamwambia mayu, yaani mama kwa Kisukuma, naomba uniangalizie baba yangu.

"Nitamwangalia," akasema. "Sinia letu na lake litakuwa moja."

Alinisindikiza mpaka mlangoni, kama desturi. Pale nje akanishika kiwiko, akashusha sauti.

"Tulijua tangu siku ya kwanza. Wewe unavyomwaga maji, hakuna Msukuma aliyekufundisha. Lakini ulikuwa umekuja kama mtoto, sasa tungekuuliza nini?"

Akaiangalia hotipoti mkononi mwangu, ile ya kuazima.

"Na wewe mwanangu, nani anakupikia?"

"Nakula kantini, mayu."

Akanitazama vile vile wodi nzima ilivyokuwa ikiitazama ile sahani siku nilipoiweka juu ya kabati. Kisha akanipiga piga begani, akarudi ndani kwa wagonjwa wake.

Jioni nilirudisha hotipoti, nimeiosha. Mama Wilbard na wenzake walikuwa wameshakula, wanasugua masufuria. Nikajipakulia wali na maharage kwenye sahani ya bluu, nikakaa nayo kwenye meza yangu ya pembeni. Niliitazama mpaka wali ukapoa. Nikainuka nikairudisha kwenye dirisha la vyombo ikiwa imejaa.