Ng'ombe Niliyemwona kwa Bomba

Harufu ya gundi ya mabomba hunikasirisha mpaka leo. Juzi ilinipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mugumu, nikatoka bila kununua koki niliyoifuata.

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wetu wa sayansi, mgeni kutoka Lindi, alipoanzisha klabu ya nyota. Darubini aliitengeneza kwa bomba la maji na vioo vya miwani, akaviunganisha kwa gundi ya mabomba. Nilikuwa wa kwanza kuandika jina langu, pengine kwa kiherehere tu. Sina hakika kama nyota zenyewe nilizipenda. Jioni tulipanda kilimani kuutazama mwezi na mashimo yake. Siku moja, tukisubiri jua lizame, tuliielekeza darubini bondeni. Ng'ombe wakaonekana miguu juu, tukacheka mpaka machozi.

Wiki ileile ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Chacha, wakaibwa. Mkutano wa kijiji ukaitwa, nasi wanaklabu tukasimamishwa mbele pamoja na mwalimu, maana ilisemwa wezi walionyeshwa ng'ombe kwa bomba letu. Mwalimu alieleza kuwa bomba lile ni la mwezi tu.

"Wewe binti wa Mwita," Mzee Chacha akaniita, "hilo bomba linaona ng'ombe?"

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Baba alinikazia macho ninyamaze. Lakini nilifundishwa kutowadanganya wakubwa, na, niwaambie ukweli, nilitaka nionekane najua.

"Linaona. Hata yule wako mweusi mwenye doa kwenye paji, nilimwona anakunywa maji."

"Mmesikia! Kumbe tunachunguliwa kutoka kilimani!"

"Mpeni mwalimu bomba lake alitafune!" mama mmoja akapaza sauti.

Bomba likakanyagwa palepale. Mwalimu aliondoka kabla muhula haujaisha; tulipopishana njiani hakunitazama. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Umeuza mtu."

Nisimwonee Mzee Chacha: wale ng'ombe walikuwa mahari ya wanawe. Ila miaka mingi niliwachukia wote, nikiwaona wajinga wa kuogopa bomba. Sasa nadhani hawakuliogopa hata kidogo. Kila mtu pale alikuwa na jirani anayemshuku, na kumtaja jirani kungetoa mapanga. Mwalimu hakuwa na ukoo wa kumlipizia. Walihitaji mtu wa namna hiyo, nami, kwa ukweli wangu, nikawapa.