Vijiti Viwili vya Memori

Basi la kutoka Mombasa lilikuwa likisimama Voi ili abiria wale. Wao wakila, mimi na binamu yangu tulitaka kununua.

Tuliyemngoja alikuwa muuzaji wa vipande vya kompyuta, mzee wa Kimombasa mwenye kofia ya viua na gunia lililofungwa kwa kamba. Alinunua mashine zilizochoka kutoka maofisi ya huko, akazifungua, akapeleka vipande Nairobi. Voi alikuwa anapita tu. Alikuwa amemwambia binamu yangu, "Nikipita safari hii, sirudi mpaka baada ya Idd." Na sisi, baada ya Idd, tungekuwa tumeshachelewa.

Tulikuwa tunaunda kompyuta ya kuchezea gemu. Bibi yetu alikuwa ametupa chumba cha mbele cha nyumba yake, pale Kaloleni ya Voi, tufungue mahali pa watoto kucheza. Shule zilikuwa zimefungwa, na siku ya Idd watoto hupewa pesa. Lakini kulikuwa na fundi cherehani aliyekitaka chumba hicho, na Bibi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

"Idd ikifika na hiyo mashine haijawaka," alisema, "chumba nampa fundi. Na wewe," akanitazama mimi, "utarudi kwa baba yako."

Kurudi kwa baba maana yake ilikuwa mkonge. Alikuwa ameshaniombea kazi ya kukata katika shamba alilofanyia kazi yeye mwenyewe, upande wa Mwatate. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kukataa. Mikono ya baba ilikuwa na makovu ya miiba mpaka viwikoni. Niliitazama kila mara tulipokula.

Kila kipande cha ile kompyuta kilitusumbua kwa namna yake. Kasha la kwanza, matundu yake hayakulingana na matundu ya bodi, kile kibao kinachobeba vipande vyote, tukalirudisha. Pawa tuliyopata mwanzo, kile kisanduku cha kugawa umeme, ilikuwa na plagi moja pana ya namna mpya, na bodi yetu ya zamani ilitaka zile plagi mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu. Nikajifunza kutokipenda kitu kabla sijajua kitakaa wapi. Sasa skrini, kibodi, diski na kadi ya picha vilikuwa vimekwisha kukubaliana. Ilibaki memori, vile vijiti bapa vya kijani vyenye meno ya dhahabu, vinavyochomekwa kwenye bodi. Bila hivyo mashine haiwezi kufikiri kitu.

Bodi hatukuthubutu kuibeba mpaka stejini, kwenye upepo na vumbi jekundu. Nilichomoa njiti ya chelewa kwenye ufagio wa Bibi, nikailaza juu ya nafasi ya memori, nikaikata kwa urefu ule ule. Njiti hiyo ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Pesa zilikuwa ndani ya soksi yangu, kwa sababu binamu yangu na pesa hawalali nyumba moja.

Mzee alikaa nyuma ya hoteli, juu ya kreti la soda, akafungua gunia.

"Haya wanangu, upesi. Mimi nimefunga, sina chakula cha kunichelewesha. Dereva akipiga honi, naondoka."

Akatandika gazeti. Juu yake akaweka kijiti kimoja upande huu, na viwili upande ule.

"Hiki kimoja ni kikubwa. Hivi viwili, hata ukivijumlisha, havifiki nusu yake. Lakini bei nitawafanyia moja. Chagueni."

"Mbona urefu ni sawa?" binamu yangu akauliza.

"Ukubwa wake uko ndani, mwanangu. Kwani mtu mwenye akili ana kichwa kirefu?"

Nilitoa njiti yangu nikapima. Vyote vitatu vilienea. Mzee akashika magoti akacheka.

"Lo! Mnapima kompyuta kwa ufagio!"

"Kimeenea!" binamu yangu alisema. Alikuwa ameshakishika kile kikubwa. "Hiki ndicho, bwana. Magari ya gemu yatakimbia humu mpaka yatoe moshi. Leta pesa."

Nikainama kwenye soksi, na mkono wangu ukakwama hapo.

Niliiona ile bodi kama iko mbele yangu. Ilikuwa na nafasi nne za memori, na mtu aliyeitengeneza alikuwa amechora mstari mweupe kuzizunguka mbili mbili, kama madawati ya shule. Halafu nikakumbuka Mwatate. Kabla ya kuja Voi nilikuwa nikifagia katika chuo cha kupiga chapa. Fundi wao alikuwa akifungua mashine ili azipulize vumbi, nami nikizitazama huku nikifagia. Zile mashine zilikuwa na vijiti viwili. Nyingine vinne. Kimoja peke yake sikuwahi kukiona. Kwa nini, sikuuliza. Mimi huwa siulizi.

Abiria walianza kurudi kwenye basi wakipangusa midomo.

"We, umelala?" binamu yangu alisema. "Pesa!"

Mtu akiniangalia tu, maneno huniishia, na hapo waliniangalia wawili. Na kama nimekosea? Tungekuwa tumekataa kitu kizuri kwa sababu ya mstari mweupe.

Honi ikapigwa.

"Viwili," nilisema.

"Nini?" mzee akauliza. "Kumbe huyu naye husema?"

"Tuchukue viwili."

"Mwanangu, unapewa ndovu unataka sungura wawili?"

"Achana naye, mzee, jua limempiga," binamu yangu alisema. Akanigeukia, sauti ikashuka. "Bro, unanifanyia nini? Basi linaondoka."

"Sijawahi kuona kimoja peke yake," nilisema. Nikamtazama mzee. "Kimoja kitawaka?"

Mzee akaacha kucheka. Akakiangalia kile kijiti mkononi mwa binamu yangu.

"Mimi nauza," alisema. "Kuvifunga ni kazi ya wengine."

Hilo halikuwa jibu, lakini sikupata jingine. Niliweka pesa juu ya gazeti nikachukua viwili vidogo. Binamu yangu alikirudisha kile kikubwa polepole, kama anayezika. Mzee akafunga gunia, akakimbilia basi huku ameshika kofia.

Mpaka Kaloleni binamu yangu alitangulia bila kugeuka. Mlangoni ndipo aliponingoja.

"Isipowaka, Bibi utamwambia mwenyewe."

Nilivichomeka vijiti nikiwa nimepiga magoti. Huingia kwa kulala, halafu unavisimamisha mpaka vishikio vya pembeni vibane. Binamu yangu akabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na mashine ikaanza kulia pi, pi, pi, kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake.

"Si nilikwambia?" alisema. "Si nilikwambia pale pale?"

Nilizima. Sikumtazama. Niliona mikono ya baba. Nikalaza shavu sakafuni, jicho likawa sawa na bodi, nikatazama vile vijiti kwa ubavu. Kimoja kilikuwa wima. Cha pili kilikuwa kimeinama kidogo, kama jino linalotaka kung'oka. Kwa hiyo mashine ilikuwa imeona kimoja tu, na ilikuwa ikikililia cha pili.

Nilikisukuma kwa vidole gumba viwili. Niliogopa kuvunja. Nikasukuma tena. Kikalia kta.

"Washa," nilisema.

"Washa wewe."

Nikawasha. Feni ikazunguka, tukangoja ule mlio. Haukuja. Juu ya skrini nyeusi zikatokea nambari nyeupe, zikapanda mbio, mashine ikihesabu memori yake yenyewe. Sikuthubutu hata kuondoa mkono kwenye kasha, nikiomba stima isipotee.

Bibi alisimama mlangoni na sinia ya tende, maana magharibi ilikuwa karibu.

"Imewaka?"

"Imewaka, Bibi!" binamu yangu alisema. "Tulichagua viwili. Kimoja kisingewaka kabisa, na yule mzee alitaka kutubambikia."

Bibi alitazama skrini, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti na vumbi shavuni.

"Basi nenda kamwambie fundi cherehani kwamba chumba kina watu."

"Mimi?"

"Wewe. Huyu mwenzako ataongeza maneno."

Nilivaa ndala nikatoka. Njia nzima niliyarudia moyoni yale maneno manne, chumba kina watu, fundi, mpaka nikaisikia cherehani yake.