Nilivyoshiba Nyanchwa

Nichekeni, lakini polepole. Sabato iliyopita, mchumba wangu Moraa alinipeleka kwao Nyanchwa nikaonane na mama yake kwa mara ya kwanza. Kwa woga sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Mama akaandaa ugali wa wimbi, kuku na mboga za chinsaga. Kwetu huku ziwani mgeni wa heshima husema ameshiba, abembelezwe kidogo, ndipo ale. Basi nikasema, "Nimeshiba, mama." Nikangoja kubembelezwa.

"Sawa, baba," akasema, akaondoa sahani yangu. Moraa hakunitetea, alikuwa na paja la kuku mdomoni.

Nilipoaga, mama alinipa ndizi mbivu nimpelekee mama yangu. Nilipopita kona tu, nikachutama nyuma ya ua. Nilikuwa nimeingiza ya tatu mdomoni niliposikia nyuma yangu, "Baba, umesahau mwavuli."

Nikageuka, mashavu yamejaa ndizi. Mama akatazama maganda, kisha akanishika mkono taratibu.

"Hata mimi nilishiba hivyo hivyo kwa wakwe zangu. Rudi, baba. Kuku yako nimeifunika."