Nilivyodhani Nimeibeba Harusi Peke Yangu

Nichekeni polepole, wasomaji, aibu bado mbichi. Kitinda mimba wa mama mkwe wangu alikuwa anaoa Kisii mjini. Mama, mguu umevunjika, akabaki nyumbani Ikonge na akina mama wa kanisa, wakitazama harusi kwa simu zao.

Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nikawaeleza: "Video hii ni kama egesangio, kile kikundi chetu cha kusaidiana kuchuma majani chai. Kila anayetazama anawagawia wenzake vipande, neti isilemewe." Hapo nilisema kweli. Kosa langu ni kuamini mchumaji mkuu ni mimi, kwamba laptopu yangu ikizima, simu zao zote zitakatika.

Nikajifungia na laptopu nyumba ndogo ya uani, maana kwetu mkwe hakai ovyo na mama mkwe. Sikula, sikwenda msalani. Laptopu ikapata joto la kuivisha maharagwe, nikavua suti nikabaki na kaptula.

"Baba Moraa, chakula!" mke wangu akaita.

"Nikiinuka, bibi harusi atapotea!"

Viapo vilipokaribia, laptopu ikazima. Nikamwona mama mkwe moyoni akilia. Nikachomoka mbio hadi sebuleni. "Mama, nisamehe! Nimewakatia harusi!"

Wote wakageuka. Kwenye simu, bwana harusi alikuwa akisema "Nakubali", picha safi kama maji ya chemchemi. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso.

"Muda wote picha inakwamakwama, kumbe wewe na laptopu yako ndio mlikuwa mnaimaliza neti," mke wangu akasema. "Sasa imenyooka. Enda uvae suruali."