Siku Mzee Kimaiyo Aliposoma Kila Kitu

Haya, nichekeni mapema kabisa ndiyo nisimulie kwa amani, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za chama kimoja na mpaka leo nikipita karibu na ile ofisi yetu Eldoret huwa navuka barabara.

Nilikuwa karani katika chama cha ushirika cha wafugaji. Miezi sita yangu ya majaribio ilikuwa inaisha, na meneja, Mzee Kimaiyo, alikuwa ameahidi kutia sahihi barua ya kuniajiri kabisa mkutano mkuu ukiisha salama. Kompyuta ilikuwa moja tu, tumeifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni (nilikifuma mimi), na kwa vile virusi vilikuwa vimeanza kutembea kwenye madiski, fundi wetu wa Nairobi akatutumia diski yenye kinga mpya na barua fupi: swali la kwanza jibu ndiyo, mengine yote jibu hapana, hayo ni mambo ya ziada.

Asubuhi ya mkutano nikaiingiza. Swali la kwanza nikabonyeza Y, yaani ndiyo. La pili lilipokuja, kidole kikaelekea N, lakini Mzee alikuwa nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Rhoda, unakataa nini?"

"Barua imesema tukatae, Mzee."

"Wewe kubali tu. Tusionekane wabishi."

Nami (nisimsingizie yeye peke yake) nilikulia miaka ya kuinua mkono kila ukiona wengine wameinua, hapana ilinikwama hata mbele ya mashine. Nikakubali yote, kisha nikaanza kuchapa hotuba yake, na printa ikawa inalia polepole huku mimi nikitazama ukungu ukishuka kutoka upande wa Kaptagat, nikajiona tayari nina barua yangu mkononi, nina viatu vipya, nampeleka mama mjini kunywa chai ya mkahawani, na moyo ulikuwa mwepesi kweli, nikazichana zile kurasa na kumpa bila kusoma hata mstari.

Mgeni wa heshima alikuwa D.O., ofisa wa serikali wa tarafa yetu, kwa hiyo hotuba ilikuwa ya Kiingereza, na katekista akatafsiri kwa wanachama. Mbele ya serikali siku hizo hotuba ilisomwa neno kwa neno, hakuna aliyethubutu kuruka kitu. Mzee akasoma kwamba maziwa ya Cheptiret yameongezeka, akafika chini ya ukurasa, akaendelea hivyo hivyo na katekista naye akatafsiri kwa sauti ya ibada:

"Leo mpenzi wako wa siri atakushika mkono."

Wanachama wakapiga makofi. (Hotuba ikitulia kidogo, makofi ndiyo yalikuwa kazi yetu.) Hapo nikajua yale mambo ya ziada ni nini: programu ya utabiri wa nyota, na ilikuwa imeandika utabiri chini ya kila ukurasa. Ningesimama nimzuie, lakini nikabaki nimeketi nikiomba ukurasa wa pili usifike, na ukafika.

"Usizuie machozi yako, ni mto."

Mama mmoja mbele yangu akasema amina. Mzee alikuwa anatoka jasho, lakini akafungua wa tatu, akausoma mpaka chini.

"Kazi hii si yako tena. Iache leo, ulimwengu unakungoja."

D.O. akasimama taratibu, akampa mkono, akamshukuru mbele ya wote kwa ujasiri wa kustaafu kwa hiari yake, na makofi ya safari hii yalikuwa ya moyoni kabisa. Ilituchukua saa nzima kumrudisha Mzee kazini, na wapo waliosikitika.

Jumatatu akaniita. Hakufoka, na hilo liliniuma zaidi.

"Rhoda, barua sitii sahihi. Nakuongezea miezi sita ya majaribio, ujifunze kusema hapana. Umekubali?"

"Ndiyo, Mzee," nikamjibu, hata hajamaliza.

Nilipofika mlangoni ndipo nikasikia nilichosema, na nikaapa sitakubali tena jambo lolote kabla ya kulisoma mpaka mwisho.