Bakuli la Jirani

Kwetu Mlingotini, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nimelelewa katika desturi hiyo, na sikudhani kwamba siku moja ingeugusa uhai wa mdogo wangu.

Mdogo wangu ana saratani ya titi. Kidonge kinachoizuia kina hataza: kampuni iliyokivumbua ndiyo peke yake yenye haki ya kukitengeneza, na bei huipanga itakavyo. Chuoni niliwahi kuandika, kwa kujiamini sana, kwamba nchi maskini kama yetu zimeruhusiwa kutoitambua hataza ya dawa. Ni kweli. Lakini ruhusa haitengenezi kidonge. Kiwanda cha dawa hiyo hatuna, na wenye viwanda wamefungwa na hataza za kwao. Kwa hiyo nilihangaika hadi nikapata kopo moja kutoka ng'ambo, vidonge thelathini, bila kujua kama nitapata la pili.

Juma lililopita nilikuta vidonge kumi havimo.

"Nimempelekea jirani," Mama akasema. "Ugonjwa wao mmoja. Ningemficha kwa uso gani?"

"Mama, hii si sahani ya bokoboko ya kugawa!"

"Usimgombeze, dada," mdogo wangu akasema kutoka kitandani. "Akipika pweza, majirani hula nyama, sisi tukaambulia mchuzi. Shukuru kopo limebaki."

Alicheka peke yake.

Nilijitanda kanga, nikavuka ua hadi kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa amekonda hata pete yake ameizungushia uzi isidondoke. Hakuningoja nianze. Aliinuka, akaleta bakuli letu alilopelekewa na Mama. Ndani mlikuwa na vidonge sita vilivyofungwa katika kitambaa safi, na visheti vilivyokuwa bado na joto.

"Nilikuwa nikimeza nusu kwa siku, visiniishie upesi," akasema. "Najua ulichofuata. Wewe una mgonjwa. Chukua."

Nilitakiwa kukataa. Angalau nimwachie viwili, au nimdanganye kwamba kopo jingine liko njiani. Mimi niliyeandika kwamba dawa ni haki ya kila mgonjwa niliutazama uzi ule wa pete, maana macho yake sikuyaweza.

Nilivichukua vyote sita. Na visheti pia nikavichukua, kwa sababu kuviacha kungekuwa kumtukana.