Upawa Mmoja wa Siagi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti za mpira, kofia ya wavu na ndoo mbili, nikaambiwa nisiguse kitu chochote kinacholiwa. Sikununa. Shule mimi niliishia darasa la tatu, Tanga, na Kiingereza changu wakati ule kilitosha kuuliza basi linakwenda wapi. Kiwanda chenyewe kilikuwa Scarborough, mjini Toronto, upande wa Agincourt, kimebanwa kati ya gereji na ghala la mazulia. Ukikipita kwa nje ungedhani wanatengeneza betri.

Ndani, jamani! Walikuwa wanatengeneza vitamutamu vya jadi vya Kijapani, na watu walilipa kiingilio kuja kutazama. Ukuta mmoja wote ulikuwa kioo. Upande wa pili walisimama watalii na kamera zao, na upande wetu, mezani, alikaa mzee wa Kijapani, mfupi, kimya, tuliyemwita Oyakata. Kwao hilo ndilo jina la fundi mkuu. Alichukua donge la maharage meupe yaliyosagika laini, akalizungusha kiganjani, akashika kijiti cha mbao chenye pembe tatu, akakata mistari. Kabla hujameza mate, ua limechanua mkononi mwake, kila jani mahali pake. La maharage! Mimi maharage nilikuwa nayajua ni mboga ya wali.

Nilisimama na bomba la maji mkononi mpaka buti zikajaa.

"Mzee, unaosha sufuria ama unajiosha?" Alikuwa Mama Wanjiku, Mkenya wa kitengo cha kufungasha, mtu asiyemwonea haya yeyote.

"Umemwona yule mtu lakini?"

"Namwona kila siku. Funga maji kwanza, halafu ushangae."

Nikaosha sufuria mwaka mzima. Kisha Mkuu wa Zamu, bwana mmoja wa Guyana mwenye sauti ya muadhini, akanipandisha kwenye maharage. Msidhani ni kazi ya kitoto. Unachagua punje moja moja: iliyopasuka nje, yenye doa nje. Yakishalowekwa yanachemshwa, na maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu yana ukakasi. Yakiiva yanapitishwa kwenye chekeche, maganda yanabaki juu, chini unapata kitu kama unga mbichi. Huo unaoshwa kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, unakamuliwa kwenye kitambaa, ndipo unatiwa sukari na kukorogwa motoni ndani ya sufuria ya shaba. Kinachopatikana kinaitwa anko. Ndiyo roho ya kazi yote. Ua bila anko nzuri ni karatasi tu.

Hapo kwenye kukoroga ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwambia Mkuu wa Zamu, "Mimi nimekoroga halua miaka kumi na mmoja kwa mjomba wangu. Nipe mwiko."

Alicheka. Lakini mkorogaji alipohamia Alberta, hakucheka tena, akanipa. Oyakata alisimama nyuma yangu siku mbili hakusema neno. Kwa mtu yule, kutosema neno ilikuwa sifa.

Mwezi haukuisha, Meneja akatukusanya. Alikuwa binti wa mwenye kiwanda, mzaliwa wa Toronto, mwepesi wa kusema. "Alhamisi wanakuja watu wa kampuni ya mabasi ya utalii. Wakitupenda, watatuletea wageni kila wiki. Wasipotupenda, zamu ya jioni naifunga."

Zamu ya jioni ilikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama Wanjiku pia, na ya kina mama wengine waliokuwa wanalea watoto kwa mshahara ule. Siku ya wageni tuliitwa wote asubuhi.

Alhamisi kioo kilijaa nyuso. Nami, nisiwafiche, nilipoona kamera zinanitazama, kiburi kilinipanda. Nikakoroga kwa mbwembwe kama niko sokoni sikukuu ya Idi. Anko ikaanza kushika chini. Sasa, mpika halua yeyote anajua: ikianza kushika, unairushia samli. Mkono wangu haukuniuliza. Rafuni palikuwa na siagi iliyoyeyushwa, ya biskuti tulizowauzia Wakanada. Nikachota upawa mmoja nikamimina.

Ikang'aa kama dhahabu. Wageni wakapiga makofi. Nami nikainama kuwaitikia, mjinga mimi.

Ilipopoa, Oyakata akachukua donge. Akalizungusha. Akakata mstari wa kwanza, mstari ukajifunga. Akakata wa pili, jani likateleza na kulala. Alinusa. Akaweka kidogo ulimini. Kisha akatugeukia sisi wanne wa jikoni.

"Nani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusingizia sukari, siku ile wangeniamini. Nikanyoosha mkono. "Mimi. Nimetia siagi."

Hakupayuka. Aliinuka, akamwita Mkuu wa Zamu washike sufuria huku na huku, wakaimwaga yote kwenye pipa la taka, mbele ya wageni. Kazi ya siku mbili.

Meneja alikuja mbio. "Oyakata, tafadhali! Ni tamu, nimeonja! Hawa wageni hawajui tofauti!"

"Mimi najua," akasema.

Akanawa mikono. Akaleta sinia la maharage mabichi, akaketi karibu na kioo, akaanza kuchagua. Punje moja moja. Meneja ikabidi awatangazie wageni kwamba leo hakuna ua, leo mtaona maharage. Wengi waliondoka. Wale wawili wa kampuni ya mabasi walibaki, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alivua koti lake akalikumbatia, akatazama. Karibu saa nzima. Nimewahi kuingia misikiti mikubwa, sijasikia kimya kama kile.

Kisha wakaenda zao bila kusema ndiyo wala hapana.

"Umetumaliza, Mzee," Mama Wanjiku aliniambia tukibadilisha nguo. Hakuwa anatania. Nikainama kuvua buti.

Oyakata aliniita. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana. "Nani alikufundisha?"

"Mjomba. Kwetu."

"Kesho lete hicho kitu cha mjomba."

Nilipika halua nyumbani, na iliki na kungumanga, nikabeba kwenye basi nikijua ni chakula cha kuagana. Alikula kipande. Akala cha pili. Akafumba macho.

"Nzuri sana," akasema. "Hii, mafuta yanaibeba. Yetu haibebwi na mtu. Inatembea yenyewe. Una mikono, lakini bado inaishi kwa mjomba wako. Rudi kwenye maharage mpaka ihame."

Siku ya nne yake simu ikaja. Kampuni ilikubali kuleta mabasi, kwa sharti moja: wageni waonyeshwe maharage yakichaguliwa. Meneja alituambia huku anacheka na kufuta machozi. Zamu ya jioni ikabaki. Na mchaguaji nani? Mimi. Nilikaa nyuma ya kioo kile nikipigwa picha na watu wa dunia nzima, nikiadhibiwa. Mama Wanjiku akipita huniuliza, "Staa, leo umepata punje ngapi zenye doa?"

Majira mawili ya baridi yakapita hivyo. Asubuhi moja Oyakata alipita, akaweka mwiko juu ya sinia langu, akaendelea na safari yake. Basi. Nilikoroga anko tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, na yeye akaunda maua kwa anko yangu mpaka aliporudi kwao. Sikusikia sifa. Niliona maua yakisimama.

Nyie vijana mna vyeti, mnajua kuandika barua za kuomba kazi. Vizuri. Mimi nawaambia nilichokiona: mtu alimwaga kazi ya siku mbili mbele ya watu walioshika riziki yetu, kwa sababu ya upawa mmoja ambao hakuna mwingine angeujua. Ningekuwa mimi, ningeuza. Mpaka leo najiambia hivyo, na mpaka leo namwogopa.

Mwaka jana nilimpeleka mke wangu. Hakuwahi kuniona kazini hata siku moja. Tulikata tiketi kama watalii wengine. Wenzetu walijazana kwenye meza ya maua; mimi nikamvuta mkono mpaka kwenye sufuria, anapokoroga binti wa Kifilipino niliyemfundisha mwenyewe.

"Mbona anakwenda taratibu hivyo?" mke wangu akanong'ona. "Wewe nyumbani unakoroga uji kama unamfukuza mwizi."

"Nyamaza utazame. Sasa hivi atainua mwiko. Kile kitu kikisimama kama kilima, kimeiva."

"Kisiposimama?"

"Atangoja."

Binti akainua mwiko. Kilima kikalala. Akarudisha mwiko, bila haraka, watu wote wale wakimtazama. Akangoja. Mke wangu naye akangoja, mkoba ameubana kifuani. Akainua tena.

Kikasimama.

"Subhanallah," mke wangu akasema, mkoba ukamshuka kifuani.